Mbao au chuma? Sakafu ya kamiyo katika historia ya njia za Kabambare

KABAMBARE – Mtu anayepanda kamiyo Kabambare kwenda Kasongo hutazama kwanza mipira, kisha anamtazama shofa. Wachache tu hutazama mahali watakapoweka miguu. Wazee waliosafiri sana, wao hutazama sakafu kwanza. Kabini inaweza kupakwa rangi mpya jana, injini inaweza kuoshwa ikang'aa, lakini sakafu ya karoseri ikiisha haifichiki kwa mtu anayejua kuangalia.

Katika kusini mwa Maniema, sakafu hiyo imekuwa ya mbao, ikawa ya chuma, ikarudi kuwa ya mbao, na leo mara nyingi ni vyote viwili vimeunganishwa. Watu wengi hufikiri mbao ni dalili ya umaskini na chuma ni maendeleo. Historia ya njia zetu inaonyesha jambo lingine. Kila wakati, sakafu iliyofaa ilikuwa ile ambayo watu wa hapa waliweza kuitengeneza wenyewe ilipovunjika.

Wakati mzigo ulikuwa kichwani

Kabla ya gari, mzigo ulikaa juu ya kichwa na bega la mtu. Kabambare ilikuwa kituo cha misafara iliyotoka Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika na kuelekea Kasongo na Nyangwe, kwenye mto Lualaba. David Livingstone, aliyeandika jina la mahali hapa kuwa Bambarre, alifika Septemba 1869. Baadaye alikwama hapa tangu Julai 1870 hadi Februari 1871, kwa kuwa vidonda vya miguu vilimzuia kutembea. Henry Morton Stanley alipita mwaka 1876. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye watu wanamjua zaidi kwa jina la Tippu Tip, alikuwa na makao yake Kasongo.

Pembe za ndovu zilitoka huku hadi pwani juu ya mabega. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa karibu kilo 30. Kulikuwa na wapagazi wa mshahara, lakini wengi waliobeba hawakuulizwa kama wanataka: walikuwa watumwa.

Majeshi ya Dola Huru la Kongo, la mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, yaliiteka Kasongo tarehe 22 Aprili 1893 na Kabambare Januari 1894. Bendera ilibadilika, mzigo ukabaki kichwani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Force Publique ilipokwenda kupigana na Wajerumani katika Afrika Mashariki, wapagazi zaidi ya 200,000 walichukuliwa kubeba chakula na risasi. Wengi wao hawakurudi kwao.

Reli kati ya Kindu na Kongolo ilifunguliwa mwaka 1911. Hata hivyo inapita ng'ambo ya magharibi ya Lualaba, na Kabambare iko mbali mashariki. Kwa mtu wa Kabambare, garimoshi lilikuwa ng'ambo ya mto, na kulifikia ilibidi atembee siku nyingi akiwa na mzigo.

Kisha ikaja pamba. Amri ya mwaka 1917 iliipa serikali ya Kongo ya Wabelgiji nguvu ya kuwalazimisha wanakijiji kulima, na Maniema ilikuwa kati ya sehemu za kwanza ambako pamba ya lazima ilipandwa. Aliyeilima ndiye aliyeibeba pia hadi mahali pa kuuza. Kwa hiyo kamiyo ilipofika, watu waliona jambo la maana sana. Kamiyo ndogo ya tani moja na nusu ilibeba mizigo ya watu 50. Lakini barabara iliyopita ilichimbwa kwa majembe na mbeleshi za watu wa vijiji, na wengi wao walilazimishwa.

Gari lililofika bila karoseri

Katika miaka ya 1920, Ford na General Motors walikuwa na viwanda vya kuunganisha magari Antwerp, mji wa bandari wa Ubelgiji. Hivyo gari la Kimarekani lilikuwa na njia rahisi ya kufika Kongo. Siku hizo ilikuwa kawaida kamiyo kuuzwa ikiwa na injini, kabini na chasi tu. Kule nyuma hakukuwa na kitu. Karoseri ilijengwa mahali ambapo gari lingefanya kazi, kulingana na mzigo wake.

Kazi hiyo iliangukia maseremala. Kila misheni kubwa, kila kampuni na kila ofisi ya serikali ilikuwa na chumba chake cha useremala, na vijana wa vijijini walijifunza huko kupima, kupasua na kuunganisha. Mti haukuwa shida katika nchi ya msitu kama Maniema. Ule uliopendwa zaidi ni mvule, ambao wengine huuita muvula au kambala. Mchwa hawaupendi, maji hayauozeshi upesi, na ukikaushwa vizuri haujipindi sana. Ubaya wake ni kwamba wakati mwingine huwa na vipande vigumu kama mawe ndani yake, na msumeno ukivikuta meno yake yanaisha.

Karoseri ya namna hiyo ilianza kwa boriti mbili ndefu zilizolazwa juu ya vyuma viwili vya chasi, zikafungwa kwa vyuma vilivyopindwa kama herufi U. Juu yake ziliwekwa boriti fupi za kukata upana, na juu ya hizo ndipo mbao za sakafu zilipolala, zikielekea kutoka kabini hadi mlango wa nyuma. Mbao zililazwa kwa urefu kwa sababu wapakiaji husukuma sanduku au pipa kutoka nyuma kwenda mbele. Mzigo unaofuata urefu wa ubao huteleza, na unaokata upana hukwama kwenye kila kiungo.

Mafundi wa viwanda vya Marekani walifuata akili ileile katika pikapu zao. Sakafu ilikuwa na mbao kadhaa, na kati ya ubao na ubao paliachwa nafasi ndogo. Mtu asiyejua angesema fundi amekosea kipimo. Kumbe ubao hunywa maji wakati wa mvua na kuvimba, kisha hukauka na kupungua wakati wa jua. Mbao zikibanwa kabisa, siku ya mvua zinasukumana hadi zinainuka na kung'oa buloni. Juu ya kila nafasi uliwekwa mkanda mwembamba wa chuma, uliofungwa kwa buloni kutoka chini. Mkanda huo ulifunika nafasi, ukaushika ubao bila kuutoboa ovyo, na ukaupokea mzigo unaosukumwa ili ubao usichunike.

Kwa hiyo sakafu ya zamani haikuwa ya mbao peke yake. Mbao zilibeba uzito na kupokea mshtuko, chuma kikalinda uso wa mbao. Kampuni ya Chevrolet iliendelea kuuza pikapu za namna moja zenye sakafu ya mbao na mikanda ya chuma hadi mwaka 1987, wakati kampuni nyingi zilikuwa zimehamia chuma kitupu.

Vita vilivyorudisha mbao

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani lilitegemea kamiyo ya GMC ya magurudumu sita, ambayo zilitengenezwa zaidi ya 500,000. Mwanzoni karoseri yake ilikuwa ya chuma. Chuma kikahitajika kwa meli na vifaru, basi kiwanda kikageuka kutumia mbao. Mbao peke yake hazikuvumilia kazi ya vita, na baadaye wakatengeneza mchanganyiko: mifupa ya chuma na sakafu ya mbao. Matajiri wa chuma duniani walifikia jibu ambalo seremala wa Maniema alikuwa nalo tayari, kwa sababu na yeye chuma kilikuwa haba kwake.

Pikapu za chuma

Baada ya uhuru wa mwaka 1960, magari ya Kijapani yalianza kuingia Afrika ya kati na mashariki. Toyota Land Cruiser, na baadaye Hilux iliyotoka mwaka 1968, zilikuja zikiwa na sanduku la nyuma la chuma lililokamilika kiwandani. Pikapu za Peugeot nazo zilikuwa hivyo. Hakukuwa na kazi ya seremala tena.

Chuma kilikuwa na faida za kweli. Sakafu ya bati iliyokunjwa mifereji ni nyepesi kuliko mbao nene za mvule, na ile mifereji inaifanya bati nyembamba iwe ngumu, kama vile bati za nyumba zinavyokunjwa. Mpunga haumwagiki katikati ya mbao. Mchanga hauvuji. Moto wa makaa hauiteketezi. Kuiosha ni rahisi.

Lakini njia za Kabambare zilionyesha upande wake mwingine. Mzigo mkubwa wa huku ni mpunga, mihogo, karanga na bidoni za mawese. Kutoka upande wa Fizi na Baraka unakuja samaki mkavu wa Ziwa Tanganyika na chumvi. Chumvi ikichanganyika na maji ya mvua hula chuma. Tope linalorushwa na mipira huganda chini ya sakafu, pale bati inapokutana na boriti zake, likabaki bichi siku nyingi. Kutu huanzia huko chini, ambako hakuna anayetazama. Juu sakafu inaonekana nzima, kumbe imebaki nyembamba kama karatasi. Kuna pia jiwe au injini ya mashine ya kukoboa mpunga inayoangushwa: bati inabonyea, maji yanakaa kwenye bonde lile, rangi inatoka na kutu inaanza.

Hapo ndipo tofauti kubwa inapoonekana. Sakafu ya bati ikitoboka, lazima upate bati mpya, jenereta, mafuta ya jenereta, mashine ya kuchomelea, bageti zake, na fundi anayejua kuchoma bati nyembamba bila kuitoboa zaidi. Kimoja kikikosekana, gari linakaa. Ubao ukioza, unahitaji msumeno, nyundo, kekee ya mkono na ubao mwingine. Buloni za zamani zinafunguliwa na kurudishwa. Hata shofa na kijana wake wanaweza kubadilisha ubao mmoja kando ya barabara, wakati gari linangoja daraja litengenezwe.

Madaraja nayo yana hadithi hiyohiyo. Luama na mito midogo ya Kabambare imevukwa miaka mingi kwa magogo na mbao. Boriti za chuma zinaweza kubaki miaka mingi, lakini mbao za juu zikioza au kuchukuliwa bila kurudishwa, chuma hakisaidii mtu kuvuka. Shofa anayejua njia hubeba mbao mbili au tatu za akiba. Leo zinaziba daraja, kesho zinaziba sakafu.

Miaka ambayo gari lilipotea

Mwaka 1964 uasi wa Wasimba ulienea Maniema yote. Kindu iliangukia mikononi mwao Julai, na msafara wa magari ya jeshi na mamluki uliotoka Kongolo uliirudisha chini ya serikali tarehe 5 Novemba. Katika vita vya namna hiyo kila upande hutaka kamiyo, na kamiyo ya mfanyabiashara ikishachukuliwa, mara chache hurudi.

Tarehe 30 Novemba 1973 rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zitapewa Wazairwa. Katika nchi nzima maduka mengi yaliyokuwa yakileta vipuri na kununua mazao yalifungwa au yakafilisika muda mfupi baadaye. Gari lililoharibika lilikatwa ili kulisha gari lingine. Barabara nazo zikaanza kufunikwa na majani.

Vita vya 1996 na vile vya 1998 hadi 2003 vilimaliza kilichobaki. Katika sehemu kubwa za Maniema watoto walikua bila kuona kamiyo. Mzigo ulirudi kichwani na juu ya baiskeli, yaani kinga, ikisukumwa kwa miguu siku nyingi ikiwa na magunia na bidoni. Miaka 80 baada ya kamiyo za kwanza, mtu wa Kabambare alibeba tena kama babu wa babu yake.

Kamiyo za zamani zilizokuwa zimekufa hazikuachwa bure. Kotekote mashariki mwa Kongo, vyuma vya chasi viligeuka nyundo, majembe na visu kwa wafua vyuma. Mbao za sakafu zikawa milango, vitanda na meza. Bamba la chuma lililokatwa likawa kikaango cha kukaangia unga wa mihogo. Kamiyo ziliporudi polepole baada ya amani ya 2003, nyingi zilikuja zimezeeka tayari, na sakafu zao zilitengenezwa kwa kile kilichopatikana: bati hapa, ubao pale, kipande cha pipa katikati.

Sakafu inayodanganya

Mchanganyiko huo unaweza kuwa mzuri kuliko vyote, au mbaya kuliko vyote. Mikanda ya chuma juu ya mbao zenye nafasi hufanya sakafu imara, kwa kuwa maji hupata njia ya kutoka. Bamba zima la chuma likipigiliwa juu ya mbao za zamani hufanya kinyume. Maji huingia kwenye matundu ya misumari na kwenye kingo, yakabaki kati ya chuma na ubao bila kuona jua. Ubao unaoza gizani, na chuma nacho kinaliwa kutoka chini. Mwenye gari anaona sakafu inang'aa. Siku moja watu 30 wanapanda juu ya magunia, gari linaingia shimoni, na sakafu inafunguka.

Jambo hili linawagusa zaidi wale waliokimbia makwao. Katika miaka hii, mapigano ya upande wa Salamabila na sehemu nyingine za Kabambare yamefukuza familia nyingi kuelekea Kasongo, Kindu na Kalemie. Kabla yao, wengine walivuka ziwa hadi kambi ya Nyarugusu huko Tanzania, iliyofunguliwa mwaka 1996. Wengi walitembea. Waliobahatika kupata nafasi juu ya kamiyo hawakuwa na muda wa kuchagua, na hakuna anayeweza kumlaumu mama aliyepandisha watoto kwenye gari la kwanza lililosimama. Kwa siku mbili au tatu sakafu ile ilikuwa nyumba: hapo kitenge kilitandikwa, hapo sufuria ilifungwa, hapo mtoto alilala.

Safari ya kurudi ni tofauti. Huwa kuna saa moja ya kungoja gari lijae, na saa hiyo yatosha kutazama mambo matatu ambayo mafundi wa zamani waliyatazama. La kwanza, inama utazame chini ya gari: kutu inayodondoka kama majani makavu, au ubao mweusi wenye unyevu, ni dalili mbaya hata kama juu pazuri. La pili, gonga kwa kisigino au kwa fimbo. Ubao mzima hulia kwa sauti kavu, uliooza hutoa sauti ya chini, kama unagonga udongo. La tatu, tazama vichwa vya buloni. Kama vimezama ndani ya ubao au vinacheza, ubao ule haushiki tena. Watoto wasikalishwe juu ya bamba lililowekwa kuficha shimo, wala kwenye mbao za mwisho karibu na mlango wa nyuma. Hapo maji na tope hukaa zaidi, na hapo mapipa huangukia wakati wa kupakia.

Mwenye gari pia ana faida. Kuacha nafasi ndogo kati ya mbao hakugharimu kitu. Kufagia tope chini ya karoseri kila baada ya safari ya mvua kunataka maji na fimbo tu. Kupaka mafuta machafu ya injini chini ya mbao na kwenye vichwa vya buloni ni desturi ya zamani inayozuia maji kuingia upesi, ila yasipakwe juu, pale watu na chakula vinapokaa.

Katika kambi na katika familia zilizopokea wageni Kasongo na Kindu, wamo maseremala na wafua vyuma wa Kabambare. Mashamba yamebaki nyuma, nyumba nyingine zimechomwa, lakini mtu aliyejifunza kupasua mvule na kulaza ubao wa sakafu alikimbia na ufundi wake. Kijana anayekaa kambini bila kazi anaweza kuupokea kwake kwa miezi michache, kwa msumeno mmoja na mbao za kujaribia. Siku njia ya Kabambare itakapofunguka vizuri, kamiyo zitakazokuja hazitakuwa mpya. Zitakuwa za zamani, zenye sakafu zilizochoka, na atahitajika mtu wa kuzitengeneza kabla akina mama na watoto hawajapanda.